Ufunguo wa Maktaba Uko kwa Nani?

Ukitaka kuijua maktaba ya shule, uliza kwanza ufunguo uko wapi. Katika shule nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda utaambiwa uko kwa mwalimu wa maktaba, na mwalimu wa maktaba yuko darasani. Ana vipindi vyake vya Kiswahili au Jiografia kama wenzake, ana madaftari ya kusahihisha, ana zamu ya wiki, na maktaba amekabidhiwa juu ya hayo yote bila kupunguziwa kipindi hata kimoja. Kengele ya mapumziko inapolia, naye ndiyo kwanza anakaa anywe chai. Ikilia ya kwenda nyumbani, watoto wanaotoka mbali wamekwisha shika njia. Chumba kipo, rafu zipo, vitabu vipo, na mlango umefungwa.

Mazungumzo ya kuzifanya maktaba za shule ziwe za kisasa huanzia kwenye kompyuta. Inatafutwa taasisi ya kusaidia, vifaa vinanunuliwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Kompyuta zina kazi kubwa, na nitazieleza kwa kirefu. Lakini nashikilia kwamba maktaba ya shule ipimwe kwa jambo moja: wiki hii, kila mtoto ameondoka na kitu cha kusoma? Shule inayoweza kujibu ndiyo, hata kama vitabu vyake viko ndani ya masanduku ya mbao chini ya mwembe, imeitangulia ile yenye kompyuta ishirini zilizofunikwa vitambaa zisiingie vumbi.

Tuseme ukweli kuhusu kwa nini mlango unafungwa. Walimu si wachoyo. Kitabu cha shule ya umma ni mali ya serikali: kimeingizwa kwenye leja, kimegongwa mhuri, kina namba. Mwalimu anayehamishwa hukabidhi vitabu kwa hesabu, na pengo likionekana kuna maelezo ya kuandika. Mzazi naye huitwa alipe kitabu kilichopotea, kwa hiyo mama mwenye busara humwambia mwanawe kitabu cha shule kisifike nyumbani, kwa kuwa nyumbani kuna mvua, kuna mdogo wake anayechana karatasi, kuna taa ya mafuta. Kila mmoja katika mnyororo huo anajilinda, na kila mmoja ana haki ya kujilinda. Kitabu kilichokaa kabatini miaka kumi kitaonekana kizima siku ya ukaguzi. Kilichosomwa na watoto arobaini kitaonekana kimepasuka mgongo na kimepoteza jalada, na aliyekiazimisha ndiye atakayeulizwa.

Hilo haliondolewi na programu yoyote ya kompyuta. Linaondolewa na uamuzi wa kiutawala: halmashauri na bodi za shule zikubali kwa maandishi kwamba kitabu cha hadithi huchakaa kwa kusomwa kama chaki inavyoisha kwa kuandikiwa, na kwamba kila mwaka sehemu fulani ya vitabu vya maktaba itafutwa kwenye leja bila mtu kuandikiwa barua. Hakuna mkaguzi anayedai arudishiwe vumbi la chaki. Uamuzi huo hauna gharama ya kuagiza chochote kutoka nje. Bila huo, kila shilingi ya vifaa itaishia nyuma ya kufuli lile lile.

Saa za msomaji

Mwaka 1931, mkutubi wa Madras nchini India, S. R. Ranganathan, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa hisabati, alichapisha kanuni tano za ukutubi ambazo wanafunzi wa fani hiyo wanazisoma hadi leo. Ya kwanza yasema kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Alipoifafanua alikumbusha enzi ambazo vitabu vya Ulaya vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu, kisha akageukia mambo ambayo watu huyaona madogo: maktaba imejengwa wapi, inafunguliwa saa ngapi, viti vyake vikoje, anayehudumu ni mtu wa namna gani. Miaka zaidi ya tisini imepita, na mpango mzuri wa maktaba ya shule bado unaanzia kwenye maswali hayo.

Chukua suala la saa. Shule nyingi za kutwa hufungua maktaba baada ya vipindi, saa tisa au saa kumi alasiri. Ni saa nzuri kwa mvulana anayekaa jirani na shule. Msichana anayesubiriwa nyumbani akateke maji na kuinjika chungu hawezi kuitumia, na akikosekana kwenye rejesta ya kuazima utasikia watu wakisema wasichana wa huku hawapendi kusoma. Wangempa kipindi kimoja cha maktaba ndani ya ratiba, asubuhi, darasa zima likaingia pamoja, wangemwona akisoma. Rejesta ya kuazima ni utafiti uliokwisha fanyika: ukiipitia mwisho wa muhula utaona vitabu gani vinagombaniwa, darasa lipi halionekani kabisa, jina lipi halijawahi kuandikwa. Wachache sana huisoma rejesta kwa jicho hilo.

Kisha kuna urefu wa rafu. Mtoto wa darasa la pili hawezi kuchagua kitabu kilicho juu ya kichwa cha mwalimu. Hawezi pia kuchagua kwa mfumo wa namba za Dewey, uliobuniwa Marekani mwaka 1876 katika maktaba ya chuo. Shirika la Room to Read, ambalo limefanya kazi katika shule za msingi za Tanzania kwa zaidi ya miaka kumi, hupanga vitabu vya watoto kwa rangi kulingana na ugumu wa usomaji. Mtoto anajua kwamba yuko rangi fulani, anamaliza, anahamia nyingine, na mwalimu anayepita anaona kwa jicho moja nani amekwama. Karatasi za rangi na gundi zinapatikana kila duka la vifaa vya shule. Kwa sekondari mambo ni tofauti, maana huko mwanafunzi huja akitafuta mada, na hapo namba zinamfaa.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kuwauliza watoto wenyewe. Waulize wanataka kusoma nini nao watakwambia: mpira, wanyama, mizimu, mapenzi, magari, jinsi simu inavyofanya kazi. Ukilinganisha orodha hiyo na kilichopo rafuni, utajua kwa nini chumba ni kitupu. Na wape kazi. Wakutubi wanafunzi, wawili kwa kila darasa, wanaweza kuandika waazimaji, kupanga rafu, kubandika majalada yaliyochanika na kuwasomea wadogo zao. Hapo tatizo la ufunguo linaanza kupungua, kwa sababu mlango unaweza kufunguliwa wakati mwalimu yuko darasani.

Kiada kimejaa, ziada iko wapi?

Ingia kwenye chumba kilichoandikwa Maktaba na utazame kwa makini. Mara nyingi utakuta marundo ya kitabu kimoja: Hisabati darasa la nne, nakala mia na ishirini, zimefungwa kamba. Hiyo ni stoo ya vitabu vya kiada. Ina umuhimu wake, lakini hakuna mtoto aliyepata mazoea ya kusoma kwa kutazama kitabu kile kile anachofundishiwa darasani. Mazoea ya kusoma huletwa na vitabu vya ziada, yaani hadithi, mashairi, maisha ya watu, maarifa ya viumbe na sayari, kila kimoja nakala mbili tatu, na aina nyingi.

Hapa ushirikiano umewahi kufanya kazi nzuri kuliko wengi wanavyokumbuka. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, ulikuja wakati mchapishaji aliogopa kuchapa hadithi ya mtoto ya Kiswahili kwa kukosa wanunuzi. Mradi ukafanya jambo la maana: ukamhakikishia mchapishaji kwamba utanunua sehemu kubwa ya nakala, kisha ukazipeleka shuleni. Mwandishi akapata pa kuandikia, mchoraji akapata kazi, mchapishaji hakupata hasara, na mtoto akapata kitabu chenye watu wanaofanana naye. Kwa maoni yangu mpango huo ni bora kuliko kontena lolote la vitabu vilivyotumika kutoka ng'ambo. Vitabu vya msaada vina nafasi, hasa vya sayansi kwa sekondari, ila mtoto wa Nachingwea anayejifunza kusoma anahitaji kwanza hadithi kwa lugha anayoielewa.

Leo tuna pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na hadithi za watoto zimo katika nyuga zake. Natamani kuona kila kitabu kinachoshinda kikiwa kwenye rafu ya kila shule ya msingi, nakala mbili tu, na mtoto akijua kwamba aliyekiandika bado yu hai na anaweza kualikwa shuleni.

Mtandao usiohitaji mtandao

Sasa tuzungumzie vifaa. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, ambako vitabu vya kiada vinasomeka bure kwa aliyejisajili. Kenya ina hazina kama hiyo chini ya taasisi yake ya mitaala, KICD. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini mwaka 2014, umekusanya hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kwa leseni inayomruhusu mwalimu kuzisoma, kuzichapa, kuzitafsiri na hata kuzibadilisha bila kuomba ruhusa. Mwalimu mwenye printa anaweza kutoa kitabu kipya kila Ijumaa. Mwalimu wa lugha anaweza kuwapa wanafunzi watunge hadithi ya kijiji chao, waichore, ikaingia rafuni Jumatatu ikiwa na majina yao kwenye jalada. Kitabu cha namna hiyo huazimwa mpaka kinachakaa.

Kikwazo ni bando. Shule haina fedha ya kulipia intaneti kila mwezi, na wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Ndiyo maana teknolojia ninayoiamini zaidi kwa shule zetu ni ile ya kuhifadhi maarifa ndani ya shule yenyewe. Kuna kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, ambayo ukubwa wake unakaribiana na kadi ya benki na inakula umeme kidogo kiasi cha kuendeshwa kwa betri inayochajiwa na jua. Ndani yake huwekwa kadi ya kumbukumbu. Programu huria ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, huiweka Wikipedia nzima kwenye kadi hiyo. Ile ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003 na sasa ikiwa na makala zaidi ya elfu 80, haichukui hata robo ya nafasi iliyopo. Programu nyingine, Kolibri, huhifadhi masomo, video na mazoezi, na inaweza kutumiwa kwa Kiswahili. Kifaa hicho kinarusha waifai chumbani, na kishikwambi chochote kilichomo kinafungua kurasa zile kama kiko mtandaoni, wakati hakuna bando hata la shilingi mia.

Vishikwambi vipo. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, serikali ya Tanzania ilivigawa kwa walimu, zaidi ya laki mbili. Shule yenye walimu kumi inaweza kukubaliana kwamba vitatu vinakaa maktaba kila siku kwa zamu. Hayo ni makubaliano ya watu kukaa na kuzungumza, na ni rahisi kuliko kuandika andiko la mradi.

Orodha ya vitabu nayo ina programu zake. Koha, programu huria iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kazi Januari 2000, inatumika katika vyuo vikuu vingi, na ni nzuri. Lakini shule yenye vitabu mia nane haina haja nayo. Inahitaji daftari kubwa lililopigwa mistari vizuri, au jedwali moja la kompyuta, na mtu wa kuliandika kila siku bila kuruka. Nasema hivi kwa sababu nimeona jinsi hamu ya kuwa wa kisasa inavyowasukuma watu kuchukua mfumo wa chuo kikuu, ukawashinda kuuendesha, wakaacha na daftari walilokuwa nalo.

Na kifaa chochote kina siku yake ya kuharibika. Bajeti ya maktaba isiyo na mstari wa betri, wa chaja na wa fundi imepangwa nusu. Kabla ya kununua kifaa cha tano, afadhali kutengeneza cha kwanza.

Sehemu moja teknolojia haina mbadala, na ningependa tuitazame kwa uzito wake wote: wanafunzi wasioona. Katika shule kama Buigiri mkoani Dodoma na Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam wapo watoto wanaosoma kwa nukta nundu. Kitabu kimoja cha kiada kikichapwa kwa nukta nundu hugeuka kuwa majuzuu kadhaa mazito, ghali, yanayochelewa kufika na yanayosagika kwa kupapaswa. Mtoto anayeona hulalamika kwamba kitabu kimoja wanasoma watano. Mwenzake asiyeona anaweza kumaliza muhula akimtegemea rafiki amsomee. Kompyuta inabadilisha hali hiyo kabisa. Kisoma skrini cha NVDA, kilichoanzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia ambaye mwenyewe haoni, kinapatikana bure, na sauti yake inasoma Kiswahili. Matamshi yake ni makavu, lakini yanaeleweka, na wanafunzi huyazoea upesi mpaka wanayaharakisha kuliko masikio yetu yanavyoweza kufuata.

Sheria nayo imekwisha fungua njia. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu maktaba na taasisi kama hizo kutengeneza nakala za vitabu kwa wasioona bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki, na kubadilishana nakala hizo na nchi nyingine wanachama. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda mwaka 2018, Tanzania mwaka 2020. Maana yake riwaya ya Kiswahili iliyoandaliwa kwa sauti Nairobi inaweza kuvuka mpaka kihalali na kusikilizwa Buigiri, ilimradi kila nchi imeziweka taratibu za mkataba katika matumizi. Kazi iliyobaki ni ya watu: nani anaiandaa, nani anaipokea, nani anamfundisha mwalimu kuwasha programu. Hapo wachapishaji wetu wangefanya jambo la heshima wakitoa faili la kitabu siku ile ile kinapochapwa, badala ya mtu kukaa na kukichapa upya neno kwa neno.

Shule moja haitoshi

Mfano wa ushirikiano ninaoupenda uko Kitengesa, karibu na Masaka, kusini mwa Uganda. Mwaka 1999 maktaba yake ilikuwa sanduku la vitabu ndani ya shule ya sekondari ya kijijini, kwa juhudi za Profesa Kate Parry, mwalimu wa isimu, na mwenye shule hiyo. Baadaye likajengwa jengo, zikawekwa paneli za sola, na milango ikafunguliwa kwa wanafunzi na kwa wanakijiji pia. Wanafunzi wenye uhitaji walipewa kazi ya maktaba na kulipiwa ada kwa kazi hiyo, hivyo chumba kikapata wahudumu na watoto wakabaki shuleni. Wakulima, akina mama na vijana waliokwisha acha masomo walikaa meza moja na wenye sare. Maktaba ya shule ikisomwa na mzazi, kitabu kinachofika nyumbani hakiogopwi tena.

Kenya ilifikiri kwa namna nyingine. Kuanzia mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa, KNLS, ilipeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa, na baadaye Wajir, hadi kwenye makambi na shule za wafugaji ambako gari halifiki. Walianza na msomaji: anahama, kwa hiyo maktaba nayo ihame.

Tanzania ina mhimili wake. Bodi ya Huduma za Maktaba ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967. Bodi ina maktaba mikoani, na Bagamoyo ina chuo chake cha ukutubi, SLADS. Wanafunzi wa chuo hicho hutakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo. Wangepangiwa shule za kata, wawili wawili, kwa miezi michache, wakapanga rafu, wakafungua rejesta, wakamwachia mwalimu mfumo unaotembea, shule nyingi zingekutana na mkutubi kwa mara ya kwanza. Kuajiri mkutubi kwa kila shule ni lengo zuri na nitaendelea kulidai, ila mkutubi mmoja kwa kata nzima ni jambo ambalo halmashauri inaweza kulianza kwa bajeti moja.

Na ndani ya kata yenyewe, shule tano za msingi zenye vitabu vya hadithi mia mbili kila moja zina vitabu elfu moja, endapo vitazunguka. Sanduku la vitabu arobaini linaweza kutoka shule hii kwenda ile kila baada ya miezi miwili, likiwa na orodha iliyosainiwa na walimu wakuu wawili, na Ofisa Elimu Kata akiwa shahidi. Bodaboda analifikisha. Nauli yake iingie kwenye bajeti ya shule kabla ya Januari, wakati mpango wa matumizi ya ruzuku unapojadiliwa, na wazazi waambiwe mkutanoni kwamba vitabu hivyo vitafika nyumbani kwao na vingine vitarudi vimechakaa.